Mpaka Mtoto Aache Ziwa

Kijijini kwangu, njia ya Kamachumu,
Muleba.
Jumapili mchana.

Kwa kaka yangu Haruni,
Ijuganyondo, Bukoba.

Assalaam alaikum, kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Siti na watoto wote, na mgongo wako uwe umepata nafuu tangu uache kubeba magunia mwenyewe. Nilisikia mama anakohoa. Mpeni chai ya tangawizi na msimwache akae nje jioni, maana huwa hasikii. Sisi huku hatujambo. Mpwa wako Mwajuma ameota magego, sasa anamng'ata kila anayempenda. Mvua imenyesha vizuri na migomba imenyanyuka.

Najua umeshaambiwa kuwa wiki iliyopita nilikuwa Bukoba, nikalala hotelini karibu na ziwa, nikaondoka bila kupita kwako hata kumsalimia mama. Ni kweli. Sikupita kwa sababu ningefika ningekutolea maneno mabaya mbele ya watoto wako, na wewe tangu baba afariki ndiye baba yangu. Simu nayo sikutaka, kwenye simu unanikatiza. Karatasi haikatizwi. Kwa hiyo kaa chini, kaka, usome mpaka mwisho.

Nilikwenda semina. Shirika moja liliita watu wa mabaraza ya kata wafundishwe usuluhishi, na kila kata ilitakiwa ilete mwanamke. Mzee Ndyamukama, mwenyekiti wa baraza letu, yule aliyesuluhisha shauri langu na shemeji Zahoro, akanichagua mimi. Nilifurahi, kaka! Nilidhani ameona nina akili ingawa niliishia darasa la saba. Kumbe njiani alikuwa anawaeleza wenzake kwamba kanichukua mimi kwa kuwa ni mpole, sina maneno. Nilimsikia. Nikageukia dirishani.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri. Mwezeshaji alikuwa Bi Joanitha, mama wa Mwanza, anaongea taratibu na kuandika kwenye karatasi kubwa ukutani. Alitufundisha kwamba msuluhishi anasikiliza kuliko kusema, kwamba kila mtu aulizwe ajibu kwa kinywa chake mwenyewe, na ya watu hayatolewi nje. Nilitikisa kichwa mpaka Mwajuma mgongoni akaanza kuniiga.

Siku ya pili akataka kila kata isimulie shauri lililokwisha vizuri. Mzee Ndyamukama akasimama, akaweka koti lake sawa. Akasema palikuwa na mjane mmoja, bado kijana, mumewe kafa kamwachia kibanja cha migomba na mibuni, na mtoto wa kike. Shemeji mtu anasema kibanja ni cha ukoo, mtoto wa kike harithi. Baraza likakaa, likatumia busara: mjane akae mpaka mtoto aache ziwa, kisha arudi kwao na mtoto wake, shemeji achukue kibanja. Pande zote zikatafuna kahawa ya kupatana, pakawa na amani. Hakutaja jina. La nini? Watu wote wa Muleba walishanigeukia, na ukumbi ukampigia makofi.

Walipiga makofi, kaka. Kaburi la Riyadhi wangu liko katikati ya migomba ile, kila asubuhi napita hapo na ndoo, na watu wenye vitambulisho shingoni wanashangilia kwamba nitafukuzwa kwa amani.

Bi Joanitha naye, bila kujua lolote, akasema kisa hicho tukiigize. Akatafuta wa kuwa mjane, akanichagua mimi, eti kwa kuwa nina mtoto mgongoni nitafaa kabisa. Mzee akawa yeye mwenyewe. Shemeji akawa Masele, mfanyabiashara wa dagaa kutoka visiwani, mtu wa mizaha. Akakunja mikono ya shati, akaniuliza kwa sauti, huyo binti yako akiolewa kibanja atakibeba kichwani? Watu wakacheka mpaka wakajifuta machozi. Yeye alikuwa anaigiza, lakini Zahoro huniambia hivyo hivyo gulioni Kamachumu, tena huongeza: shemeji, mbona huyo mtoto ataolewa huku ananyonya!

Ikafika pa kutafuna kahawa. Kahawa haikuwepo, wakachota karanga kwenye meza ya chai, na dada mmoja, Renatha, akawa mama mkwe wangu, akaniletea kwenye sahani. Sikupokea. Akasogeza tena, nikaficha mikono ndani ya kanga. Wakaanza kunihimiza: chukua, dada, ni igizo tu, chai inapoa. Mzee Ndyamukama akanisemesha kwa Kihaya, polepole, kwamba nisimwaibishe mbele ya wageni.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nikasema siku ile ya kweli mama mkwe aliponiletea kikapu cha akamwani, kahawa ya kutafuna, nilichukua kwa sababu ni mama mkwe, na kwetu mkwe akikunyooshea kikapu humwachi mkono hewani. Ilikuwa heshima. Hakuna aliyeniambia kuwa nikitia mdomoni nimeachia kibanja. Na katika wazee wote waliokaa pale, hakuna hata mmoja aliyenigeukia akasema, wewe Zuena, unasemaje?

Masele akavua kofia, akarudi kukaa. Bi Joanitha akamuuliza mzee kama ni kweli hakuniuliza. Wala hakuona aibu. Alijibu kwamba haikuwa na haja, kaka yake alikuwepo, na huyo kaka yake ndiye aliyesema yamekwisha.

Unasikia, kaka? Kaka yake alikuwepo.

Usidhani Bi Joanitha alinikumbatia. Alisema tumepata somo zuri sana, twendeni chai. Baadaye akanifuata na simu yake, aombe picha yangu na mtoto akawaonyeshe kwenye mkutano mkubwa wa wasuluhishi huko Arusha. Nikamwambia mimi si mchoro wa kubandika ukutani. Lakini nimpe haki yake: siku ya mwisho alisema wazi kwamba baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui, na pasipo hiari ya pande zote hakuna suluhu, asiyeridhika aende baraza la ardhi la wilaya. Alisema huku akiangalia karatasi zake, ila nilijua ananiambia mimi.

Sasa nikuambie nililofanya, usije ukalisikia kwa watu.

Mwajuma nimemwachisha. Nilijipaka majani machungu, akaonja, akanitazama kama nimemsaliti, akalia, nami nikalia naye. Si kwamba nimekubali kuondoka. Nilichoka kumnyonyesha mwanangu kwa hofu, kila akishika ziwa mimi nafikiria siku ya kufungasha. Ziwa langu si mkataba wa mtu! Asubuhi yake nikampelekea mama mkwe habari mimi mwenyewe: mama, mtoto ameacha, na mimi sitoki. Jioni Zahoro akaingia na panga, akakata mkungu wangu wa ndizi, akautupa mlangoni kwangu, eti chakula cha safari. Nimeupika, tumekula, na majirani nimewapelekea.

Kisha nikaenda Muleba mjini, nikafungua shauri. Karani akauliza mashahidi. Nimekutaja wewe, kaka, wa kwanza. Kuna neno ambalo unalijua wewe peke yako. Siku ile tulipotoka barazani, tukiwa kwenye kinjia cha mibuni, nilikushika mkono wa kanzu nikakuambia sijakubali. Nilisema hapana, kaka, na ulinisikia, maana ulijibu. Ulisema nyamaza, kahawa imeshatafunwa, usitutie aibu. Mzee Ndyamukama atasimama aseme ulitamka yamekwisha. Asema kweli, ulitamka. Nataka na wewe usimame useme na lile la kwenye mibuni.

Sijui utakuja kuwa shahidi wangu au wao. Nina hasira na wewe, lakini nakumbuka ulivyogombana na mwenye duka mtaa mzima ukatoka nje, kwa sababu tu alinipunja sukari nikiwa mdogo. Mtu yule hawezi kuwa amekwisha kabisa.

Mshike mama mikono kwa niaba yangu, umwambie nitakuja kumwona nikiwa na habari nzuri. Wifi Siti nambusu, na watoto mmoja mmoja. Mwajuma anajifunza kusema mjomba. Wito wa baraza utaletwa kwa mwenyekiti wa mtaa wako. Atakapokuita, nakuomba, nenda ukaupokee.

Mdogo wako wa damu,
Zuena,
mwenye kibanja.