Ng'ombe Wako Ameondoka Kisaju

Nasieku,

Ng'ombe wako ameondoka Kisaju leo asubuhi. Amepandishwa kwenye pikapu ya ndugu yako Lemayian, na amesafiri akiwa amesimama. Nakuandikia wewe kwa sababu humu ndani hakuna mwingine wa kuambiwa.

Tangu tukuzike, mvua haijanyesha huku. Lemayian alikuwa ameomba kumpeleka kwake, ng'ambo ya Kajiado, ambako nyasi zimeota. Nilikataa. Nilimwambia nitanunua nyasi kavu Isinya, na nikanunua. Ng'ombe alikula, akazidi kukonda, na jana akalala chini akashindwa kuinuka.

Majirani walikuja kumwinua, kama wafanyavyo kila kiangazi. Walipitisha gunia chini ya tumbo, wengine wakashika pembe, mimi nikapewa mkia. Mzee wa nyumba ya pili, ambaye hunisikia redioni nikisoma habari, aliniuliza kama nimeshika mkia au maikrofoni. Walicheka. Nilicheka pia, mara ya kwanza tangu uende.

Miguu ya ng'ombe ilitetemeka, nikakukumbuka mezani ukisahihisha madaftari, ukinifundisha biolojia kana kwamba niko kidato cha tatu. Ulisema chakula kikiwa tumboni bado si nguvu. Seli hukivunja polepole, na kwa nishati hiyo huchaji ATP, kama betri ndogo sana. ATP ikipoteza fosfeti yake ya tatu, nishati hutoka na kazi hufanyika. Inayobaki, ADP, hurudi kuchajiwa. Akiba ya msuli haikai hata dakika, kwa hivyo kuchaji hakupumziki.

Nikauliza, kukisimama je?

Ulijibu bila kuinua kichwa. Msuli unahitaji ATP ili uvute, na unaihitaji tena ili uachie. Ndiyo maana maiti hukakamaa.

Mochari, vidole vyako vilikuwa vimejikunja, vigumu. Nimeripoti vifo miaka mingi, na sababu nilikuwa naijua. Bado nilijaribu kuvinyoosha.

Ng'ombe aliposimama, Lemayian, niliyekuwa nimempigia simu aje, hakunigombeza. Alinivuta kando, akasema kwa sauti ya chini: "Shemeji, hapa hufugi ng'ombe. Umemfunga Nasieku kwa kamba."

Leo nimemfungua mwenyewe. Lemayian amepiga simu kutoka kwake: ng'ombe amefika, na anakula.

Boma liko kimya. Nyasi zilizobaki nimempa yule mzee.

Mama yako amekuwa akiniita tangu mazishi, nami nimekuwa nikimwambia niko kazini. Si kweli kila mara. Nilikuwa naogopa kuingia ile nyumba peke yangu, na watu wafike mlangoni waangalie nyuma yangu wakikutafuta. Jumapili nitaenda. Nitakula atakachopika, na akianza kukuzungumzia, nitakaa mpaka amalize.

Sere, kama mnavyoagana kwenu, mke wangu. Pumzika.

Kamau