Trekta Halinyanyui Plau

Jumatatu, 3 Machi

Kwanza salamu, maana mimi sijui kuandika kitu kisichoanza na salamu. Mimi mwenyewe mzima, ni magoti tu. Mwanangu mzima, ila chakula anakichezea. Mkwe wangu mzima, anafua. Mjukuu mzima, jino la mbele limeng'oka na anamwonyesha kila mtu pengo. Kuku wazima wote. Anayeumwa ni trekta.

Leo lilikuwa shambani kwa jirani wa ng'ambo ya barabara. Injini inanguruma vizuri, lakini ile mikono ya nyuma inayonyanyua plau haitaki. Imelala tu. Mwanangu akavuta, akasukuma — wapi! Jirani kajishika kiuno.

Akaitwa fundi, yule tunayemwita Miwani. Kapima oili, imejaa. Katazama mabomba, hayavuji. Halafu akainama ubavuni, akacheka peke yake. Kumbe kuna kigia kidogo cha kuvuta kwa mkono, kimetolewa. Anasema kwenye matrekta haya ya zamani pampu ya kunyanyulia inazungushwa na kigia hichohicho cha kuzungusha mashine za nyuma. Kikitoka, injini itapiga kelele mpaka ichoke, plau halipandi. Kakirudisha. Likapanda palepale.

Sasa nani alikitoa? Mwanangu anasema labda mtoto alichezea. Mtoto gani? Mjukuu hata kwenye kiti hafiki, na kigia kile mimi mtu mzima nakivuta kwa mikono miwili.

Jana shemeji alikuja, mdogo wake marehemu mume wangu. Alilizunguka trekta akipigapiga matairi kama anayechagua tikiti sokoni. Kila akija swali ni moja: shemeji, utaniuzia lini? Machale yamenicheza.

Jumatano, 5 Machi

Limelima jana kutwa. Leo jipya. Plau linapanda, lakini ukiliacha juu linashuka lenyewe, polepole, kama mtu anayesinzia mkutanoni.

Miwani karudi. Kanifundisha kupima: nyanyua plau, zima injini, nenda kafanye kazi yako. Nikaenda kusuuza sufuria. Kurudi — liko chini. Anasema ni raba ya pistoni, inayozuia oili isitoroke.

Kwa nini ife leo, baada ya yeye kushika juzi? Mafundi nawajua, anafunga hapa analegeza pale ili umwite tena. Nikapindua ndoo, nikakaa kumtazama mikono. Akafungua kile kifuniko kizito chini ya kiti. Akaniuliza kama nataka kujifunza ufundi. Nikasema hapana, nimekaa kivulini tu. Kivuli chenyewe kilikuwa upande wa pili wa nyumba. Akainamia kazi yake, mabega yanacheka.

Raba iliyotoka ni ngumu kama ukucha, imepasuka. Haya, hiyo nimeiona kwa macho yangu. Huo ni uzee. Lakini uzee hauvuti kigia.

Ijumaa, 7 Machi

Maji! Ndani ya oili!

Asubuhi mikono inapanda kwa kushtukashtuka, halafu ikagoma kabisa. Miwani katoa kijiti cha kupimia. Oili imekuwa nyeupe, rangi ya chai ya maziwa. Kafungua nati ya chini, yametoka maji kwanza, ndipo oili. Pampu haiwezi kunyanyua kitu kwa uji ule, anasema. Nikamwuliza maji yanaingiaje. Kasema mvua, kama kifuniko kimelegea. Mvua gani? Mbegu za mahindi za watu zinasubiri mvua hiyohiyo, na mashamba hayajalimwa.

Hapa kuna mkono wa mtu.

Nimewafikiria wote. Shemeji anataka trekta kwa bei ya vyuma chakavu. Miwani anapata kazi kila likifa. Mungu anisamehe, hata mkwe wangu nimemfikiria. Siku hizi ninapoingia jikoni yeye na mume wake wanakatiza maneno, halafu ananiuliza kama nataka maji ya kuoga. Saa nne asubuhi!

Nimefagia uwanja wote kuzunguka trekta, laini kama unga. Atakayekuja ataacha nyayo.

Jumamosi, 8 Machi

Nyayo za kuku. Nyayo za ndala za mwanangu, kwenda na kurudi. Basi. Yeye ndiye dereva, lazima alikague. Nimefagia tena.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja. Leo kavaa viatu vya kung'aa, na mimi nimefurahi, maana viatu vile vina visigino na nyayo zake zitajulikana. Nikampa chai. Sikubanduka. Alipokwenda chooni nikasimama uwanjani najifanya naita kuku.

Kanieleza tena kwa sauti ile tamu. Lile trekta limechoka kuliko mimi, atanipunguzia mzigo, atalipeleka kwake. Kijana naye apate kupumua. Nikamjibu kuwa kijana anapumua vizuri tu, pua zote mbili. Mwanangu alikuwa hapo, anatazama ndani ya kikombe. Kwa kawaida baba yake mdogo akianza hayo yeye huwa ananitetea. Leo kimya.

Shemeji kaondoka, hajagusa hata tairi. Nimemsindikiza mpaka barabarani.

Jumatatu, 10 Machi

Limegoma tena. Oili nyeupe tena! Hii oili mpya, ya Ijumaa!

Shemeji hakulisogelea. Miwani hajafika tangu Ijumaa. Leo alipoona kile kijiti hakucheka. Alikifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akatazama kama mwanangu yuko mbali. Halafu akasema, "Mama, ugonjwa huu una miguu miwili."

Nikamwambia aseme anachotaka kusema. Akasema yeye ni fundi wa matrekta tu.

Nimekasirika naye. Mtu akishindwa kazi anaanza mafumbo.

Jumatano, 12 Machi

Nilisahau ungo nyuma ya banda la kuku nikarudi kuuchukua. Mchana kweupe.

Mwanangu alikuwa kwenye trekta, kanipa mgongo. Alikuwa na kikombe cha plastiki, kile cha mjukuu. Kafungua kifuniko cha oili. Kamimina taratibu, kama anayenywesha mgonjwa. Kakifunga. Kakifuta kwa pindo la shati lake. Halafu akaweka kiganja juu ya boneti, akakaa hivyo.

Sikukohoa. Ungo niliuacha.

Alhamisi, 13 Machi

Jana usingizi ulinipita. Nikamkumbuka mwanangu utotoni, alivyokuwa akikaa mapajani pa baba yake kwenye kiti kile, miguu haifiki popote, anashika usukani. Nilidhani ile ilikuwa furaha yake. Labda ilikuwa yangu.

Leo mkwe alikuwa anaanika nguo. Nikampokea upande mmoja wa shuka, tukaikamua. Nikamwuliza kama mwanangu ana deni, ana ugomvi, ana nini. Akakamua mpaka shuka ikawa haina tone. Halafu akasema:

"Mama, aliitwa kazi ya kuendesha lori tangu mwaka jana. Amewakatalia mara mbili. Anasema hawezi kukuachia trekta zima na shamba la watu linangoja. Labda likifa lenyewe."

Lenyewe!

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mimi. Akasema, "Mama, ukiongelea trekta husemi trekta, unasema 'baba yake'."

Sijui kama nasema hivyo. Nimemwuliza mjukuu. Anasema ndiyo, bibi.

Nilimshuku shemeji, nikamshuku fundi, nikamshuku huyu mkwe, mtoto wa watu, aliyekuwa akinitunzia siri ili nisiumie. Nimempikia uji, kaunywa wote.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika haraka, wako nje.

Miwani kaja mapema. Kamwaga oili yote, kaosha chujio, katia nyingine. Nikasimama palepale mpaka kifuniko kikafungwa, na spana zake nikazishika mimi. Mwanangu kaona. Hakuuliza.

Plau likanyanyuliwa. Injini ikazimwa. Tukalitazama wote. Limekaa juu, halitikisiki. Miwani kasema sasa hili litalima mpaka wajukuu waoe.

Katika kulitazama huko, shemeji huyo kaingia na mtu wake na gari lenye mnyororo wa kuvutia. Nani alimwita? Mwanangu akasema, yeye. Alidhani leo lingekuwa limekufa. Alisema hivyo akitazama chini, halafu akashtuka na maneno yake mwenyewe.

Plau liko juu.

Mimi sikusema niliyoyaona. Mbele ya shemeji? Siwezi. Shemeji anasema zima pia analinunua, lakini nimpe jibu upesi, yule mwenye gari ana safari nyingine. Mwanangu anasema mwenye trekta ni mama. Hakuniangalia. Ndala zake anazichimbisha kwenye uwanja nilioufagia.

Nikisema siuzi, atabaki. Atapanda kile kiti kila asubuhi, na mimi nitahesabu vikombe vya plastiki. Nikisema nauza, Jumatatu kiti cha mezani ni kitupu, na ajali za malori nazisikia redioni kila siku.

Nimesema naingia kuchukua kadi ya trekta. Wamedhani ni jibu. Nimemwona mwanangu akivuta pumzi — sijui ya kushukuru au ya kuogopa. Uso wa mtoto uliyemzaa, unashindwa kuusoma!

Kadi iko hapa, chini ya mkono wangu wa kushoto. Jina la baba yake liko juu.

Shemeji anaita. Kuna kifaranga kinalia huko. Mlango umegongwa, taratibu, anavyogonga mwanangu.

Anauliza, "Mama, umeipata?"

Nimemwambia bado naitafuta. Aingie anisaidie, afunge mlango.