Nguruwe wa Mahari Wasiokohoa

Njia ya Luano, Lubumbashi
Tarehe 14 Julai 2024

Mpendwa yaya Léonard, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mgongo wako unaendeleaje na upepo wa ziwa? Shemeji Albertine amepona jino? Sisi hapa baridi inatupasua midomo, lakini tunasimama. Binti yangu Syntiche ametulia vizuri kwa mumewe.

Ni juu ya ndoa yake nakuandikia. Unakumbuka mwezi wa sita wakwe walileta majike wawili wa nguruwe, wenye mimba, juu ya mahari. Waliwanunua Mokambo, wakawapakia gari moja na nguruwe wa watu wengine. Nilitaka kuwaweka kando wiki tatu, kule nyuma, na ndoo yao na buti za kuingilia kwao tu. Michée, mjomba wa bwana harusi, akacheka mbele ya watu wote: "Zawadi ya bukwe hatuifungake kando sawa mwivi, mama!" Nikakupigia simu wewe, mkubwa wetu. Ukasema nichanganye tu, nisiwatie wakwe haya. Nikachanganya. Lakini mazizi haya nimeyajenga mimi, yaya, tofali kwa tofali, na hakuna aliyenishikia hata koleo.

Kikohozi kilianza kwa wale waliolala karibu nao. Kwa sababu ya baridi tulikuwa tumeteremsha maturubai, hewa haitoki, na zizi la nguruwe kumi lilikuwa na kumi na saba. Kikapita ukuta. Kikafika kwa jirani yangu Claudine, maana tunaazimana dume. Sasa mmoja anaanza huku, mwingine anajibu kule, halafu wote wananyamaza pamoja, kama watu waliosikia mlango ukifunguliwa.

Daktari wa mifugo anasema ni virusi vya mafua. Nilikuwa na sitini na wawili. Tisa wamekufa, wengi watoto, na majike watano wametupa mimba.

Wale wawili wa mahari hawajakohoa hata mara moja. Wananenepa. Nikiingia wanaacha kula, wananitazama mpaka nitoke. Daktari anasema mnyama anaweza kuonekana mzima kabisa na bado akaubeba ugonjwa.

Mmoja amezaa. Najua desturi: mtoto wa kwanza wa nguruwe wa mahari ni wa kaka mkubwa. Mtoto huyo hatakuja kwako. Huko kwenu Kilwa ya ziwani nguruwe wanatembea ovyo kando ya maji, wanakula pamoja. Mmoja tu angetosha kuwaambukiza wote. Wakwe wakasirike, nawe ukasirike. Safari hii sikuulizi.

Élie, dereva uliyemtuma kumchukua huyo mtoto wa nguruwe, amefika asubuhi hii. Sikumfungulia geti. Amesimama nje akisikiliza vile vikohozi, kisha akaniuliza polepole: "Mama, mule ndani munalalaka bantu ngapi?" Nikamwambia hakuna mtu. Hata maji amekataa. Anangojea barua hii ndani ya gari, vioo vyote amepandisha.

Nisalimie shemeji Albertine, mtoto wetu Ntumba, na mama Benita wa kwaya. Mungu awafunike, na pumzi zenu azihesabu zote bila kukosa moja.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hata anapokukatalia,

Wivine