Dramu kwa Mkono wa Kushoto

Kagoma,
S.L.P. 41,
Muleba, Kagera.
8 Desemba 2024

Mpendwa Dada Joviana,

Tumsifu Yesu Kristo! Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba baridi ya huko Denmark haijakubana kifua kama mwaka jana. Je, zile zamu za usiku hospitalini umezipunguza kama ulivyotuahidi? Mama ananiuliza hilo kila Jumapili, nami sina jibu la kumpa.

Sisi huku ni wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, lakini likishapata jua anazunguka kibanja chote akitukosoa jinsi tunavyopunguza migomba. Senene mwaka huu wameshuka kwa wingi ajabu. Klaudia, mke wangu, amewakaanga na kukujazia kopo zima, na atampa mtu wa kwanza atakayesafiri kuja huko.

Usishangae mwandiko, ni wa mkono wa kushoto. Ningeweza kukupigia simu, lakini jambo hili nimeona nilikalie chini nilimalize lote, kwa sababu lina shukrani ndani yake na lina kuomba radhi pia.

Dada, ulipotuma ile laptopu mwezi wa pili, pamoja na kile kinanda kidogo cha kuchomeka, nilikuandikia ujumbe kwamba nimefurahi sana. Nilikudanganya. Ulikuwa umeniambia kwamba shemeji ameweka ndani yake programu ya dramu ili nipige tena, nikaona mnanifanyia mzaha. Tangu pikipiki initupe pale mteremkoni, na mkono wa kulia ukabaki unaning'inia, nilikuwa nakataa hata kukaa karibu na dramu kanisani. Mtu nimeipigia kwaya miaka kumi na tisa, leo nipewe mchezo wa kompyuta? Niliisukuma laptopu chini ya kitanda, ikakaa huko hadi mwezi wa sita.

Kilichoitoa ni hasira. Annastella, mwalimu wetu wa kwaya, alikuja na simu yake kunisikilizisha wimbo waliokuwa wanauandaa kwa mashindano ya Bukoba. Kwa kukosa mpigaji, walikuwa wamewasha yale mapigo yaliyomo ndani ya kinanda cha kanisani. Tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Waimbaji wanapanda, mapigo yamelala. Waimbaji wanashusha sauti, mapigo yanapiga kelele vile vile.

"Unaonaje?" akaniuliza.

"Waitu, ndugu yangu, mmeuua wimbo."

"Basi ufufue wewe," akasema, akaenda zake.

Kisha nikaingia chumbani, nikainama chini ya kitanda.

Sasa nikueleze nilichokikuta, maana hata wewe uliyenitumia sidhani kama unakijua. Mimi nilidhani ni sauti za kutengeneza. Kumbe ni dramu za kweli! Kuna mtu alikaa mahali na mikono yake miwili, akapiga kila dramu mamia ya mara, kwa upole, kwa nguvu, katikati ya ngozi, pembeni kwenye ukingo, vinasa sauti vikiwa karibu na vingine mbali, wakahifadhi kila pigo. Ukigusa kinanda taratibu, linatoka pigo alilopiga taratibu. Ukikibamiza, linatoka alilobamiza. Nilipovaa hedifoni na kugusa ile dramu kubwa ya mguu kwa mara ya kwanza, niliisikia hadi kifuani. Machozi yalinitoka, dada. Hilo nakuambia wewe tu.

Lakini mkono mmoja ni mmoja. Wiki tatu nilihangaika, nikikaribia kuirudisha chini ya kitanda. Ndipo nikagundua kwamba programu inahifadhi ulichopiga, inakirudia, nawe unapiga kingine juu yake. Basi nikawa naanza na dramu ya mguu na ile ndogo ya katikati kwa vidole viwili. Narudi mwanzo, naweka matoazi. Narudi tena, naweka dramu za pembeni pale ubeti unapoisha. Mkono huu mmoja ukawa unajisindikiza wenyewe. Kuna kitufe cha kunyoosha mapigo yote yakae kama yamepigwa rula. Nilikibonyeza siku moja tu, nikasikia mapigo yamekuwa kama ya kile kinanda cha kanisani, nikafuta haraka.

Mchana mmoja nikavua hedifoni na kuunganisha na spika za redio ya sebuleni. Klaudia alikuwa jikoni anamenya ndizi. Akaja mlangoni, kisu bado mkononi.

"Nani huyo anapiga?"

"Kompyuta," nikamjibu, nikimjaribu.

"Usinitanie. Hiyo dramu ndogo inachelewa kidogo kabla ya kiitikio. Hivyo anapiga mume wangu tu."

Nikaongeza sauti. Naye hakurudi jikoni hadi wimbo ulipokwisha.

Mashindano yalikuwa ya nyimbo zilizorekodiwa, na wetu tuliurekodi hapa hapa nyumbani, waimbaji kumi na wanane wamebanana sebuleni, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, Mama uani akifukuza kuku wasiingize sauti zao. Kwenye fomu ya mashindano Annastella akaandika jina langu: mpiga dramu, Gozbert. Sharti la mashindano lilikuwa kwamba kila anayesikika awe mwanakwaya wa kwaya hiyo, asikodiwe mtu.

Jumamosi, mkesha wa Kristo Mfalme, tukawa ukumbini Bukoba. Rekodi zilichezwa moja baada ya nyingine, na yetu ilipokwisha watu wakapiga makofi marefu. Hapo akasimama Bwana Kahangwa, mwenyekiti wa kwaya moja ya mjini.

"Waheshimiwa majaji," akasema, "hawa wamekodi mtu. Gozbert namfahamu, tumehudumu pamoja misa nyingi. Tangu ajali mkono wake haufanyi kazi. Mtu wa mkono mmoja hapigi hivi."

Jaji mkuu, Mwalimu Benadetha, akasema kwamba ikithibitika ni kweli kwaya yetu itaondolewa. Annastella akaangalia sakafu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma karibu na mlango, na nakiri nilifikiria kutoka. Klaudia alinikamata shati.

"Usithubutu," akaninong'oneza.

Nikasimama. "Aliyepiga ni mimi," nikasema, na sauti yenyewe ilitoka kama ya mtoto aliyefumaniwa na sukari. Nikaeleza habari ya laptopu. Tulikuwa nayo kwenye begi pamoja na kinanda chake, maana wimbo tuliuleta humo.

"Basi mpigaji ni kompyuta, siyo yeye!" Kahangwa akasema.

Mwalimu Benadetha akavua miwani. "Kompyuta haijui nitaimba nini sasa hivi," akasema. "Gozbert, njoo mbele. Nitaimba wimbo wa bibi yangu wa kuchuma kahawa. Unipigie."

Wakanichomekea kwenye spika za ukumbi. Yule mama akaanza kuimba, sauti nzito, hana haraka. Dada, ndani ya wimbo ule mlikuwa na mwendo wa omutoro, ule wa ngoma tulizokuwa tunakimbilia kwenye sherehe tukiwa wadogo, wewe ukiniburuta mkono! Ubeti wa kwanza sikugusa kitu, nilimsikiliza tu. Wa pili nikaingia na dramu ya mguu, na ile ndogo ikimfuata nyuma kidogo. Nikaiacha programu irudie, nikaweka matoazi. Alipopunguza sauti nikagusa kwa ncha za vidole, matoazi yakawa kama mvua nyembamba juu ya migomba. Alipopandisha, nikaziachia dramu za pembeni zote.

Hakuishia pale alipokusudia. Aliimba tena toka mwanzo, na safari hii ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Kina mama walipiga vigelegele. Waimbaji wa kwaya ambazo hata sizijui waliingia katikati ya viti wakicheza, na Klaudia, ambaye unajua jinsi asivyopenda kutazamwa, alikuwa mbele yao wote.

Alipomaliza alikuwa anahema na kucheka. "Fomu hii haikusema uongo," akasema. "Mpiga dramu ndiye huyu."

Tumekuwa wa kwanza, dada! Wa kwanza kati ya kwaya kumi na nne! Bwana Kahangwa alinifuata wakati tunafunga begi. Alinyoosha mkono wa kulia, akakumbuka, akaurudisha, akanipa wa kushoto, ule ule ambao tulichapwa utotoni tukimpa nao mtu kitu.

"Nisamehe," akasema. "Sikujua mkono huo unaweza."

Nikamwambia hata mimi sikujua.

Kesho yake, Kristo Mfalme, nilipiga misa nzima kanisani kwetu. Umeme ulikatika wakati wa mahubiri, nikasali urudi, ukarudi kwenye vipaji, na Mama na goti lake akatoka kwenye benchi akapeleka sadaka akicheza. Tangu hapo kwaya za Nshamba na Maruku zimeniomba niwapigie nyimbo za Pasaka, na ya Bwana Kahangwa pia. Nimekubali zote.

Sitakuficha, mkono wa kulia hautarudi. Daktari amesema hivyo, na nimelipokea. Ila sikai tena nyuma karibu na mlango. Naomba unisamehe ule ujumbe wa uongo wa mwezi wa pili. Shukrani ya kweli ndiyo hii ninayokupa leo, na imechelewa kama ile dramu yangu ndogo.

Mama anakusalimu sana, na Klaudia, na Annastella na kwaya yote. Msalimie shemeji, umwambie aliweka programu kwenye mashine lakini ilikuja kukaa ndani ya mtu. Wabusu watoto. Mungu aliyetupa furaha hii awalinde huko ugenini, awape Krismasi yenye afya na nyumba yenye sauti.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuheshimu,

Gozbert,
mpiga dramu.