Editha Hakukusikia Ukiimba

Dada Skola,

Mwanao ametembea. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, hapa uani kwetu Lizaboni. Aliachia ndoo aliyokuwa ameishikilia, akaja mwenyewe mpaka kwenye magoti ya Mama. Mama akapiga vigelegele, halafu akalia. Ulipotuacha alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa, tunamwegemeza kwa mito.

Lakini kuna jambo jingine, na ndilo lililonichelewesha kukuandikia. Editha hasikii.

Unakumbuka tulivyokuwa tukijisifu? Mvua inagonga bati mpaka mimi na wewe tunapigiana kelele ndiyo tusikilizane, yeye amelala tu. "Mwanangu ana adabu tangu tumboni," ulikuwa ukisema, nami nacheka. Tulidhani ni upole. Laiti mmoja wetu angejiuliza, Skola.

Alipotimiza miezi tisa nilimpeleka kliniki kwa chanjo ya surua. Nilijua ni sindano na mizani tu. Nesi akamkalisha kwenye mkeka, akamwekea kipande cha mkate. Editha akakiokota kwa vidole viwili, vizuri kabisa, nikafurahi. Kisha nesi akaniuliza, "Ukimwita jina lake anageuka?" Nikasema anageuka akiniona. "Na asipokuona?" Nesi akazunguka nyuma yake, akagonga bakuli la bati kwa kijiko. Watoto waliokuwa kwenye foleni walishtuka, mmoja akaangua kilio. Mwanao aliendelea kuuchezea mkate wake.

Nesi hakunitisha. Alisema tu, "Mama, huyu akapimwe masikio. Usingoje." Aliniita mama, sikumsahihisha.

Nyumbani Mama alikataa. "Mtoto ana majonzi, anamtafuta mama yake. Mwacheni." Nilielewa anachoogopa. Alikuwa amekuzika wewe, hakutaka kuambiwa jingine. Nikampeleka hivyo hivyo. Hospitali walimpima akiwa usingizini, na daktari akasema ni masikio yote mawili, huenda tangu kuzaliwa.

Tangu kuzaliwa! Nilikaa kwenye benchi nikakuwaza wewe na nyimbo zako. Kwaya nzima ilikuwa ikikutegemea, lakini zile nzuri zaidi ulimwekea yeye, umembeba mgongoni unapepeta mahindi, unaimba kwa Kingoni. Hakusikia hata moja. Najua hukujisumbua bure, mgongo wako ulikuwa ukimbembeleza. Ila tungejua mapema, dada, ile miezi michache mliyokuwa pamoja ungezungumza naye kwa mikono, na angeanza kukuelewa. Hiyo miezi ndiyo inayoniuma. Hairudi.

Daktari anasema shimesikio, vile vifaa vidogo vya kukuza sauti, huenda zikamsaidia kidogo, tunazisubiri. Jumamosi kuna mwalimu wa watoto viziwi anayetufundisha lugha ya alama. Mama ndiye anayetuharakisha tusichelewe. Mumeo naye anajifunza, ingawa vidole vyake vimekakamaa kwa kufyatua matofali, na tunamcheka. Juzi Editha alinitazama, akakunja ngumi na kuikunjua, akakunja tena na kuikunjua: maziwa. Hakuwahi kuomba kitu ila kwa kulia. Nilimjazia kikombe mpaka juu. Nikageuka nikuite uje uone, nikakumbuka.

Mwalimu alitueleza kwamba kila mtu hupewa alama ya jina lake. Akauliza kama kuna ambaye tungependa mtoto amjue. Mama akagusa meno yake ya mbele kwa kidole, kwa ajili ya ule mwanya wako. Basi hilo ndilo jina lako sasa.

Nakuahidi, dada, nitakuwa namwonyesha picha yako ya kipaimara na kugusa meno yangu, leo na kesho, hata akichoka na kugeukia mambo yake, mpaka siku atakaponyanyua kidole chake mwenyewe akutaje.

Pumzika, Skola wangu.

Mdogo wako,
Anitha