Udongo Niliobaki Nao

Nyamira, Jumatatu asubuhi

Kwa mdogo wangu mpendwa Bochaberi,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Mgongo wako umepunguza kukusumbua? Na duka lako la huko Mosocho linaendeleaje? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Majani chai yamechipuka vizuri tangu mvua irudi, ndizi zimezaa hadi tunazitegemeza kwa miti, na yule ng'ombe uliyemwita mchawi amepata ndama. Ndama ana paji jeupe kama mama yake. Tabia bado hatujaijua.

Utauliza kwa nini naandika barua kama mzee wa zamani ilhali simu ninayo. Simu zangu hupokei, Bochaberi. Tangu tumzike mama, ni mwezi wa nne huu. Mwanangu Ronny nimemwambia akupe barua hii mkononi na asiondoke mpaka akuone ukiifungua. Kiswahili nacho kina sababu. Kikisii chetu kina maneno ambayo kaka hawezi kumtamkia dada yake, na leo ninayo mengi ya namna hiyo. Kwa Kiswahili nitajifanya ni daktari anayesema.

Unakumbuka nilivyopasuliwa mwaka juzi kwa ajili ya saratani. Wewe ndiye uliyekesha kwenye benchi la hospitali, nami sijasahau. Ulijua wamekata kipande cha utumbo wa chini, ule wa kutolea haja kubwa, na kwamba nilikaa miezi saba na mfuko wa kupokelea haja tumboni. Waliponirudishia njia ya kawaida ulichinja kuku, tukamshukuru Mungu, ukaenda zako ukijua kaka amepona. Saratani kweli haipo, kila nikipimwa wanasema hivyo. Lakini kuna jambo sikukuambia.

Nilikuwa nikienda choo mara kumi na nne kwa siku. Natoka, sijafika mlangoni, narudi. Haja ikinishika sina hata dakika mbili za kujizuia. Mzee wa kanisa mzima, Bochaberi, nafua suruali zangu nyuma ya zizi ili watu wasione! Ndiyo maana niliacha kukaa viti vya mbele kanisani. Ndiyo maana sikuja kwenye mahafali ya binti yako Beverlyne. Nilikuambia ni goti. Goti langu ni zima kabisa.

Siku hizi ni mara nne, tano, na ninaweza kusema nimejifunza kuishi. Kuna muuguzi mmoja wa kliniki, anaitwa Drusilla, mama asiyejua haya hata kidogo. Alinieleza kwamba kile kipande kilichokatwa ndicho kilichokuwa ghala, na ghala likiondolewa mzigo haungoji. Amenifundisha kuandika daftarini kila ninachokula na kinachofuata. Maharagwe na kabichi nimeacha, ndizi za kupika zinanituliza. Kuna vidonge nameza nusu saa kabla ya kula nikiwa na safari. Kuna na mazoezi ya kukaza misuli ya huko chini, kama mtu anayezuia upepo mbele ya wakwe, ndivyo alivyosema. Huyafanya nikichuma chai na hakuna anayejua. Sitoki bila mkoba wangu: suruali, chupa ya maji, mafuta ya kujipaka.

Lakini Drusilla nimemjua baada ya mazishi. Kabla ya hapo nilikuwa nimenyamaza tu na aibu yangu. Sasa nisikilize vizuri.

Siku ile ya mazishi nilibishana nawe nikitaka wasemaji watatu tu, ukaniambia mbele ya wajomba kwamba nina haraka ya kumfukia mama. Haraka nilikuwa nayo, ndiyo. Sikuwa nimekula tangu jana yake ili niweze kusimama kaburini. Halafu ukaja na kikombe cha chai, nzito kwa maziwa kama mama alivyokuwa akipika, macho yamekuvimba, ukasema, "Kunywa, kaka, usije ukaanguka." Ningekataaje? Nilikunywa yote.

Jeneza liliposhushwa, mchungaji aliniita mimi kifungua mimba nitupe udongo wa kwanza. Niliinama, nikachota, na hapo hapo tumbo likageuka. Nikakimbia na udongo mkononi. Chooni sikufika. Niliishia migombani, nimechutama, nikisikia mkianza kufukia bila mimi na watu wakinong'ona kwamba mwana amekataa kumzika mama yake. Ukaamini nimesusa kwa sababu ya zile hotuba. Sikulaumu. Mwana asipotupa udongo, nani atamfikiria mema?

Joyline, mke wa Ronny, ndiye aliyeniona. Unajua heshima ya kwetu, mimi na mke wa mwanangu hata mkono hatupeani. Alikuja kinyumenyume, amenipa mgongo, akaweka ndoo ya maji na suruali ya mumewe. Kisha akaenda kusimama njiani akiimba wimbo wa kanisa, ili anayekuja ajue asipite. Hakugeuka hata mara moja, na hajataja jambo lile mpaka leo. Wiki iliyofuata Ronny aliniletea karatasi yenye jina la kliniki na la Drusilla. Mwandiko ulikuwa wa Joyline. Nililia, mzee mzima.

Mwanzoni nilikuficha kwa aibu. Halafu daftari likanionyesha kwamba maziwa ndiyo adui yangu mkubwa, nikakumbuka kile kikombe. Hapo nikaficha zaidi, maana niliona afadhali unichukie kuliko ujilaumu. Nilikosea. Chai ile ilikuwa upendo, na mimi ndiye niliyekunyima ukweli. Nisamehe, mdogo wangu.

Udongo sikuutupa. Nilipokuwa nanawa niliona ngumi moja bado imefumbwa. Niliutia kwenye mkebe, uko juu ya kabati mpaka sasa. Mara mbili nimeupeleka kaburini na mara mbili nimerudi nao, kwa sababu wewe hukuwepo kuona nikiutupa. Njoo Jumapili. Choo kipya nimejenga, hatua kumi tu kutoka kwa mama. Safari hii toa hotuba hata ya saa nzima, sitakukatiza.

Nisalimie shemeji, na Beverlyne umwambie mjomba ana deni la kumwomba radhi. Joyline anakusalimu. Ndama bado hana jina, nimekuachia wewe.

Chai nitapika mwenyewe, ya rangi. Na nusu ya udongo ni yako.

Ni mimi kaka yako,
Onsongo