Sahani Zetu Hutembea

Kwenye meza ya chai,
Mwisho wa Barabara ya Ufukweni.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Ningekuletea salamu nyingi kama mchanga wa pwani, lakini mchanga huo nimeufagia tangu alfajiri na sitaki hata kuusikia. Pokea basi salamu za kawaida za dada yako, zenye afya na hasira kidogo. Hujambo? Mkeo hajambo? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Na lile jino, uliling'oa au bado unamkwepa daktari kama ulivyokuwa ukimkwepa yule wa shule? Mimi sijambo. Goti la kushoto hulalamika asubuhi, likishapata joto la jiko linanyamaza.

Dhumuni la barua hii ni kukujulia hali na kukukatalia. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu unanikatiza, na nikikatizwa nasahau nilichokasirikia. Karatasi inanisikiliza hadi mwisho.

Kwanza nijibu swali lako zuri, kisha nifike kwenye lile baya. Umesema mnakuja Desemba, wewe, mkeo na wakwe zako, na unataka nikutajie mahali pazuri pa kula na kunywa hapa kwetu, "penye vitambaa vya meza na ubaridi wa mashine." Vitambaa hatuna. Upepo wa hapa ungevipeleka baharini kabla baba mkwe hajanawa mikono. Ubaridi tunao, unatoka majini, na haukatiki umeme unapokatika.

Asubuhi utawapeleka kwa Refa. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akichezesha mechi za mtaa Jumamosi na kupika supu siku nyingine zote. Mechi alishaacha, mashabiki walipomkimbiza mara ya mwisho. Filimbi hajaiacha. Supu ikiiva anapuliza, ikiisha anapuliza mara tatu, na hapo hata uwe nani, mchezo umekwisha. Majuzi mteja mmoja alilalamika kwamba supu ina chumvi nyingi, akaonyeshwa kadi ya njano, kadi ya kweli kabisa, inakaa mfukoni mwa aproni. Mwonye baba mkwe asijibizane naye. Lakini supu yenyewe, mdogo wangu! Mtu anaamka amenuna, anafika pale anakunja mikono ya shati, na bakuli la kwanza likiisha anamsimulia jirani habari za wajukuu.

Mchana ni kwa Bibi Moshi. Humwoni, unamsikia tu akikohoa ndani ya wingu lake, halafu mkono unatoka na samaki. Hachomi kwa kutazama. Anaweka sikio karibu na wavu, anasema samaki akiiva hubadilisha sauti, na mimi sijawahi kula samaki wake aliye mbichi wala aliyeungua. Wali unatoka kwa mume wa binti yake, jiko la pili. Hawa wawili hawajaelewana tangu siku ya harusi, ila samaki wa mmoja haendi bila wali wa mwingine, kwa hiyo ugomvi wao hupita kwenye sahani. Mama mkwe akikasirika, pilipili zinaongezeka. Mkwe akijibu, wali unakuja mlima. Anayefaidi ni mteja.

Kiu mtaikata kwa Mama Pacha. Embe, nanasi, pasheni, na ile ya ndimu na tangawizi inayofungua pua. Pacha wenyewe walishaolewa zamani, jina ndilo limebaki. Ukimwomba akuongezee maji kwenye juisi anakuonyesha bahari: "Maji yale pale, nenda kajiongezee."

Jioni, jua likishapungua ukali, ni kwangu. Chai na kahawa, basi, kama alivyokuwa akiuza marehemu mama. Lakini mimi ndiye mwenye viti vingi na turubai kubwa, kwa hiyo watu hukaa kwangu mchana kutwa hata wakila vya wengine.

Nadhani utaratibu wetu umeusahau, maana ungeukumbuka usingeandika ulichoandika. Mtu hukaa popote anapopenda. Aliyemkaribisha anapaza sauti, na sahani zinatembea. Nikiita, "Samaki mmoja na wali!" Bibi Moshi anajibu toka kwenye moshi, "Yaja!" Na aliyekaa akiwa hajawahi kufika kwetu, tunaita neno moja tu: "Mgeni!" Hapo kila jiko linatuma kionjo chake bila kuombwa, ili tumbo lake mwenyewe liamue kesho litaketi wapi. Walioanzisha haya ni mama yetu na Bibi Moshi, zamani hizo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na sufuria moja tu.

Sasa lile swali baya, la kazi ya hotelini. Habari za Meneja ulizipata kwa binamu, nusu nusu kama kawaida yake, basi zipate nzima.

Huyu ni meneja wa hoteli mpya, ile yenye kuta nyeupe juu ya miamba. Siku moja mchana alishuka amevaa kaptura kama mtu wa likizo, akaketi kwangu. Sikumjua. Nikapaza sauti, "Mgeni!" Supu ikaja kwenye kikombe, samaki akaja, wali ukaja, juisi ikaja, nami nikamalizia kwa chai. Alikula vyote, na mwisho akalamba vidole, mtu mzima yule. Baadaye akarudi na suti yake, akaniambia anataka niwe mpishi mkuu wa hoteli, maana hajawahi kuona mpishi mmoja anayeviweza vyote vile.

Nikamwambia mimi nilichemsha maji tu. Akacheka, akadhani ni adabu. Nikamwonyesha kwa kidole: moshi ule pale, filimbi ile pale. Akasema hao ni wasaidizi wangu, na hoteli ina wasaidizi wake. Nafasi ni moja.

Sitakudanganya, Kijiko, nilitamani. Turubai langu lina matundu, na mvua ikinyesha nahamisha viti kama ninayecheza drafti. Nikajiona nimevaa ile kofia nyeupe ndefu, nikajicheka. Kisha nikajiona tena, na mara ya pili sikucheka. Nikaomba muda wa kufikiri.

Hapo ukaingia wewe na ushauri wako. Ukaandika kwamba nikubali, ili uwalete wakwe hotelini wamwone dada mwenye cheo. Ukaandika kwamba hawa wa ufukweni nisiwaonee haya, kwa sababu mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya birika. Ina doa jeusi la mviringo sasa, na sijutii.

Maana wiki hiyo hiyo uvumi ulikuwa umeshawafikia. Waliambiwa nimekwenda kuyauza mapishi yao kwa jina langu. Akaja mteja, akataka samaki. Nikapaza sauti kama kila siku, "Samaki mmoja na wali!" Kimya. Moshi unapanda, kikohozi nakisikia, mtu yupo, lakini hakuna "Yaja." Nikarudia. Refa akatazama pembeni, akajifanya anafuta filimbi. Mdogo wangu, mimi nimefiwa na nimeachwa, lakini sijawahi kujiona mpweke kama siku ile, katikati ya viti vyangu vyote, mteja akinitazama kama mwehu anayezungumza na moshi. Nikamwambia samaki wamekwisha. Uongo mtupu, na harufu ya samaki ilikuwa imetujaa puani sote wawili.

Meneja alikuwa amepanga siku ya mabosi wake kuonja mapishi yangu, na ilipofika, nilikwenda. Nilivaa gauni langu la kuendea harusi za watu, nikabeba birika. Jiko lao linang'aa kama chumba cha upasuaji, samaki wamelazwa kwenye barafu, visu vimepangwa kwa ukubwa. Sikugusa hata kimoja. Nilichemsha maji, nikapika chai, nikawapelekea mabosi mezani, nikasimama mbele yao. Wakanywa. Wakasifu. Wakasubiri.

Meneja akaniinamia sikioni. "Mama, chakula kiko wapi?"

Nikamjibu kwa sauti yangu ya ufukweni, ambayo unaijua. "Pishi langu ndilo hilo, na mmeshalimaliza. Samaki ni wa Bibi Moshi, wali ni wa mkwewe, supu ni ya Refa, juisi ni ya Mama Pacha. Mkitaka kula kama ulivyokula wewe siku ile, tupeni nafasi tano. Mkishindwa, msitupe hata moja."

"Nafasi tano haiwezekani."

"Basi naomba birika langu."

Sijui kama ulikuwa ushujaa au kichwa kigumu. Mama angesema ni kitu kimoja. Niliteremka miamba kwa haraka mpaka kifuniko cha birika kikawa kinagonga. Nilipofika sikumweleza mtu neno, ingawa mfua mashuka wa hoteli alishanitangulia na habari zote. Niliketi, nikapumua, nikapaza sauti, "Samaki mmoja na wali! Wa kula mwenyewe!" Nikasikia kikohozi. Kikohozi kingine. Halafu, "Yaja! Na upunguze kelele, hapa si hotelini!" Nikalia kama mjinga mbele ya wateja. Samaki alikuja na pilipili za kumtosha adui, nami nikamla mzima, mpaka kichwa.

Meneja hakupendezwa. Akufukuzaye hakuambii toka. Amesimamisha uzio toka ukutani kwake kushuka mchangani, kuifunga ile njia ambayo wageni wake walipitia kuja kwetu, na kibao kinachosema chakula salama kiko ndani. Ndiyo, wateja wamepungua, sikufichi. Kuna siku Refa anapuliza filimbi ya mwisho na supu ikiwa nusu sufuria, kwa heshima tu. Lakini uzio hauwezi kufuata bahari. Maji yakipwa, unaishia mchangani, na wageni wanauzunguka viatu mkononi, suruali zimekunjwa, wanacheka kama watoro wa shule. Juzi alikuja hata mpishi wao, waliyempata badala yangu. Kofia alikuwa ameificha ndani ya shati. Nikaita "Mgeni!" na vionjo vyake vikaja vyote, tena vya kujaa.

Turudi kwenye methali yako, Kijiko. Mzaliwa nawe ni mimi, nakubali. Lakini mama alipolazwa hospitali msimu mzima wa mvua, na mimi msichana nisiyejua kupika zaidi ya maji, nani alikulisha? Ulikuwa unazunguka na kijiko mfukoni, jiko hadi jiko, na jina lako ulilipatia hapo. Hakuna aliyekuita mgeni. Walikuwa wakikuona tu wanapaza sauti, "Wa kwetu!" na sahani zinakufuata ulipo. Mama Pacha alikuwa akikunywesha embe ukiwa na homa. Bibi Moshi alikutolea miiba kwa vidole vyake mwenyewe, mmoja mmoja, kwa sababu uliwahi kukwamwa ukaapa hutakula samaki tena. Mifupa unayotembelea huko baridini ni supu ya Refa hiyo. Hao ndio unaoniambia nisiwaonee haya.

Kwa hiyo hotelini siendi, leo wala kesho, hata wakinishonea kofia ya dhahabu. Waongeze uzio ufike kina kirefu, tutawafundisha wageni wao kuogelea. Na ninyi mkitaka kulala huko, laleni, vitanda ni vizuri, nimeviona. Ila usinitumie salamu kwa mhudumu. Kunja suruali, mshike baba mkwe mkono, mzunguke.

Nisalimie mkeo sana, na mama mkwe, na baba mkwe, mwambie kuna kadi ya njano inamsubiri. Binamu anakusalimu, nusu nusu. Refa, Mama Pacha na mkwe wa Bibi Moshi wanakusalimu. Bibi Moshi hakutuma salamu. Nilipomwambia unakuja alikohoa, akageuza samaki, halafu akaniuliza kama bado unaogopa miiba.

Mungu akulinde njiani na kazini, akupe watoto wenye hamu ya kula, na akuondolee hilo jino kabla hujafika, maana hapa meno yatakayobaki yatakuwa na kazi.

Njoo Desemba. Utaketi kwangu, nami nitapaza sauti, majiko yote yasikie. Sijaamua bado kama nitaita "Mgeni!" au "Wa kwetu!" Ukitaka nisiwe na shaka, njoo na kijiko mfukoni.

Ni mimi, akupendaye hata anapokukatalia,
Dada yako wa birika.